Dona si Chakula cha Wanyonge

Mwaka 1975 Taifa liliendesha kampeni ya "Chakula ni Uhai". Wananchi walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio, wakajifunza kwamba kushiba ni jambo moja na kula chakula bora ni jambo jingine. Somo hilo halijazeeka.

Siku zile adui mkubwa alikuwa utapiamlo wa watoto. Adui huyo hajatoweka, na sasa amepata mwenzake. Uchunguzi uliofanywa nchini mwaka 2012 ulionyesha kwamba mtu mzima mmoja katika kila wanne hivi alikuwa na shinikizo la damu. Nao wataalamu waliochunguza vifo vya mwaka 2017 duniani walikadiria kwamba milioni 11 vilitokana na ulaji mbaya. Sababu zilizotangulia ni tatu: chumvi nyingi, uhaba wa nafaka isiyokobolewa na uhaba wa matunda.

Hapa ndipo watumishi wa Serikali na walimu wanapopaswa kujitazama. Kwa wengi sembe nyeupe ni alama ya maendeleo, na dona ni chakula cha wanyonge. Hiyo ni kasumba. Mahindi yanapokobolewa, pumba na kiini huondoka pamoja na nyuzinyuzi, madini na vitamini nyingi za kundi B. Kinachobaki hushibisha, lakini kimepungukiwa.

Ni kweli kwamba dona hudai uangalifu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa hiyo mahindi hayana budi kukaushwa barabara na kuhifadhiwa pakavu. Wala dona peke yake haitoshi. Yahitaji maharage, mboga za majani na matunda. Chumvi nayo isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai.

Taifa hutumia miaka mingi kumsomesha mwalimu mmoja. Akianguka kwa kiharusi kabla ya kustaafu, hasara si ya jamaa zake tu. Darasa zima limepoteza ujuzi usionunulika. Basi viongozi wa shule na ofisi wahakikishe kwamba bustani zinalimwa na migahawa inapika chakula kamili. Naye anayeandika makundi ya vyakula ubaoni hana budi kuyaonyesha kwanza katika sahani yake.