Bahari ya Mafia huanzia Ifakara

Mzazi mmoja alinifuata shuleni akaniomba nimsaidie kumgeuza mawazo binti yake, mwanafunzi wangu wa biolojia kidato cha nne, anayetaka kusomea vijidudu vya baharini. "Mwalimu, sisi ni watu wa mpunga. Bahari iko wapi hapa Ifakara? Mwambie asome uuguzi, Hospitali ya Mtakatifu Fransisko iko hapo hapo." Nilimshukuru kwa kuja, ila ombi lake sikulikubali. Na kwa kuwa wazazi wenye mawazo kama yake ni wengi, naeleza sababu zangu hadharani.

Maji ya mto Kilombero yanayopita chini ya Daraja la Magufuli hapa kwetu hayaishii bondeni. Kilombero hukutana na mto Luwegu ukazaliwa mto Rufiji, na zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji ni haya ya kwetu. Yanashuka na tope la milima ya Udzungwa na mabaki ya majani yaliyooza kwenye ardhioevu yetu, ile iliyoingizwa katika orodha ya Ramsar mwaka 2002. Yanapita kwenye mikoko ya delta, kisha yanaingia baharini mkabala na kisiwa cha Mafia. Huko yanapokewa na viumbe ambavyo jicho halivioni: bakteria, na vimea vidogo mno vinavyoelea. Kijiko cha chai cha maji ya bahari kina mamilioni ya bakteria. Vimea hivyo, pamoja na bakteria wanaotumia mwanga wa jua kama mimea, ndio wanaofanya karibu nusu ya usanisinuru wote wa dunia. Kamba wa delta, dagaa, hata papa potwe anayefuatwa na watalii Kilindoni, wote shibe yao inaanzia hapo.

Tangu Desemba 2022 maji haya yanasimama kwanza njiani. Bwawa la Julius Nyerere liko chini ya makutano ya mito yetu, na kila bwawa hukamata tope pamoja na rutuba yake. Umeme tunauhitaji, megawati 2,115 ni neema kwa nchi, na silipingi bwawa. Nauliza jambo jingine: rutuba ikibaki nyuma ya ukuta, vijidudu vya Mafia vitakula nini, na wavuvi watapata nini baada ya miaka kumi? Daktari hawezi kujibu swali hilo, wala bwana shamba. Linamhitaji mtaalamu wa vijidudu vya bahari, na ningependa awe mtu aliyekua akiuona mto huu ukibadilika rangi kila masika.

Kazi yenyewe ni ngumu na ya uvumilivu. Unatoka na boti, unateka maji kwenye vina tofauti, unayachuja kwenye kichujio chenye matundu yasiyoonekana, unagandisha kilichobaki ili usome vinasaba vyake maabara. Unahesabu chini ya hadubini mpaka shingo inauma. Unarudi wakati wa kusi, unarudi tena wakati wa kaskazi, kwa sababu bahari ya Januari si bahari ya Julai. Watanzania wanaifanya. Charles Lugomela wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichunguza na wenzake Trichodesmium, bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuirutubisha bahari, na wakaeleza majira yake katika pwani yetu kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2002. Margareth Kyewalyanga, mtafiti wa vimea hivyo vinavyoelea, amepata kuiongoza Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar. Namtaja huyu kwa makusudi, kwa ajili ya mabinti.

Na anayesema Ifakara ni mbali mno na bahari, atazame historia ya mji wake. Rudolf Geigy alitoka Basel, Uswisi, ambako hakuna papasi wala homa yake. Alikuja hapa kuvichunguza vimelea vya ugonjwa huo, na katika miaka ya 1950 akaanzisha maabara ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Vijana wa bonde hili wamejifunza kusoma slaidi za damu kwa umahiri unaoheshimika duniani. Hadubini zilielekezwa kwenye damu kwa sababu malaria ilikuwa inamaliza watoto wetu, na ilikuwa haki. Umahiri huo huo unaweza sasa kuelekezwa pia kwenye maji.

Ninachoomba ni kitu kidogo. Taasisi ya Sayansi za Bahari na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji wakubaliane kuchukua sampuli darajani Kilombero kila mwezi, kwa vichujio vile vile vinavyotumika Mafia, ili matokeo ya juu na ya chini yalinganishwe. Wanafunzi wa sekondari za Ifakara washike chupa, wafundishwe kuandika tarehe, kina na joto la maji. Walimu tuko tayari hata siku za Jumamosi. Kazi hii isingoje mradi mkubwa wa wafadhili. Bwawa limekwisha kuanza kukamata tope, na kila masika yanayopita bila kupimwa hayapimiki tena.