Kofia Kwanza, Koti Baadaye

Maneno haya ni kwa ninyi wamama wa kanisa mnaokutana mwisho wa juma, mkikaa chini ya veranda na sindano na uzi, mkifuma zawadi za watoto wanaotazamiwa kuzaliwa. Ninyi wagonjwa mnaosoma vitabu hivi kitandani, someni pia. Na waume wasipite mbali, kwa sababu uzi hununuliwa kwa fedha ya nyumba.

Kazi ya mikono tunaisifu. Msichana hujifunza kwa bibi yake bila kalamu, na mwanamke aliyefiwa hukaa kati ya wenzake, mikono yake ikiwa na kazi. Sina neno juu ya hayo. Neno langu ni juu ya kitu kinachofumwa, na siku kinapotolewa.

Tazameni zawadi zetu. Koti la rangi tatu lenye vifungo. Soksi zenye utepe. Shali pana. Zote hukunjwa vizuri na kuwekwa sandukuni hata siku mtoto atakapoletwa mbele ya watu, naye ana majuma manne au sita. Siku hiyo watu hupiga vigelegele. Lakini siku ile aliyozaliwa, saa ile ya kwanza, mtoto huyu alivikwa nini? Mara nyingi ni kipande cha kitenge tu, na kichwa kikabaki wazi.

Wengine watacheka na kusema, “Hapa Lubutu pana baridi gani? Baridi ni ya Bukavu na Butembo, kule milimani. Sisi tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta, katikati ya msitu.” Je, wewe ukitoka mtoni wakati upepo unavuma, husikii baridi hata saa sita ya mchana? Maji yakikauka juu ya ngozi huondoka na joto la mwili. Mtoto mchanga hutoka amelowa, ametoka mahali penye joto la digrii 37, naye anaingia katika chumba ambacho sisi wazima twakiona kizuri. Mtu mzima akisikia baridi hutetemeka, na kule kutetemeka humtia joto. Mtoto mchanga hawezi kutetemeka hivyo. Anayo mafuta ya namna ya pekee mgongoni na shingoni ambayo mwili wake huyachoma kupata joto, lakini si mengi, na mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia anayo kidogo sana.

Kipimo kikionyesha chini ya 36.5, mtoto amepoa. Akipoa, hulegea, hashiki titi vizuri. Asiponyonya, sukari ya damu yake hupungua, na kupumua kunakuwa kwa shida. Haya hutokea kimya kimya usiku, mvua ikinyesha juu ya bati, na asubuhi watu husema mtoto amerogwa.

Kichwa cha mtoto mchanga ni kikubwa kuliko mnavyodhani, ukikilinganisha na mwili wake. Karibu sehemu moja katika tano za ngozi yake yote iko kichwani. Kwa hiyo wakunga hufundisha hivi: mpanguse mtoto akauke, mweke kifuani pa mama ngozi kwa ngozi, mfunike, mvike kofia. Kuoga kungoje saa 24. (Najua bibi wengi hawapendi kungoja huko. Maji ya moto yamekwisha kutengenezwa, nao wamesimama mlangoni na beseni. Wangoje.)

Sasa angalieni jambo moja ambalo ndilo sababu ya maneno haya yote. Mtoto akilala kifuani pa mama, koti halimsaidii. Koti linamzuia. Linakaa kati ya ngozi ya mama na ngozi ya mtoto, na joto halipiti vizuri. Kifua cha mama na kitenge cha kufungia vinatunza mwili wote. Kinachobaki nje ni kichwa. Kati ya zawadi zetu zote nzuri, ile ndogo isiyochukua hata siku moja kufumwa ndiyo inayotakiwa kwanza, nasi tunaifuma mwisho, kwa uzi uliobaki.

Desturi hii ya kumbeba mtoto mdogo kifuani haikutoka mbali na shida kama zetu. Ilianza mwaka 1978 katika mji wa Bogotá, nchi ya Kolombia, kwa daktari Edgar Rey Sanabria. Hospitali yake haikuwa na mashine za kutosha za kuwatia watoto joto, na watoto walilazwa wengi pamoja, wakaambukizana magonjwa. Akawapa mama zao wawabebe kifuani usiku na mchana, kama kangaruu abebavyo mtoto wake.

Wako watakaosema, “Mtoto wa kilo moja na nusu hataishi. Kwa nini kumfumia?” Neno hili nimelisikia likisemwa kwa huruma, si kwa ubaya. Hata hivyo si kweli. Mwaka 2021 ilitangazwa kazi ya uchunguzi iliyofanywa katika hospitali tano, za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwa watoto wa kilo 1 mpaka karibu kilo 1.8. Kundi moja liliwekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa. Kundi la pili lilingoja mpaka hali ya mtoto itulie. Katika kila watoto 100 wa kundi la kungoja, karibu 16 walikufa kabla ya siku 28. Katika kundi lisilongoja, walikufa 12. Kwa hiyo hata katika kundi la kungoja, wengi sana waliishi. Na wale wanne katika mia, ambao tofauti yao ilikuwa kungoja na kutongoja, ni watoto wa watu.

Kuna jambo jingine linalotuzuia, nalo ni zito zaidi. Wengi hawataki kutengeneza nguo za mtoto kabla hajazaliwa. Husema kufanya hivyo ni kuita msiba. Mimi siwezi kumwambia mama mwenye mimba, aliyekwisha kuzika mtoto, kwamba hofu yake ni upumbavu. Wala hakuna haja ya kubishana naye. Msifumie mtoto wa fulani. Fumieni sanduku. Kofia ziwekwe materniti, zisizo na jina la mtu, na mtoto atakayezaliwa usiku huo, awe wa mwalimu wa kanisa au wa mpita njia aliyeshuka kwenye lori la Kisangani, avikwe ya juu kabisa. Hapo hakuna aliyemtengenezea mtoto wake kabla ya wakati, na mtoto hakukosa.

Uzi mtapata wapi? Kondoo wa kwetu wana nywele fupi, hawana sufu. Lakini sokoni zinauzwa fulana za sufu zilizokwisha kuvaliwa. Fulana moja ya mtu mzima, mkiifumua, mkauosha uzi na kuunyoosha, hutoa kofia kadha. Na wengine wanataka kujifunza kusokota pamba wenyewe. Pamba ina habari yake kwetu. Tangu mwaka 1917 serikali ya Wabelgiji iliwalazimisha wanakijiji kuilima, na Maniema ilikuwa kati ya sehemu za kwanza. Ikapimwa, ikachukuliwa kwa bei ndogo, na watu walewale wakanunua nguo dukani. Amri ilikuwa ya kulima na kuchuma. Ya kusokota haikuwamo. Basi ni vizuri mikono yetu ijue sehemu iliyobaki. Pia ya kusokotea ni kijiti chembamba na kipande cha kibuyu cha mviringo. Toa mbegu, chambua pamba mpaka iwe laini, kisha vidole vivute kidogo kidogo huku pia ikizunguka. Uzi wa kwanza huwa na vinundu. Huo fumieni kitambaa cha kushikia sufuria, wala usiende kichwani mwa mtoto.

Kofia yenyewe iwe hivi. Kichwa cha mtoto aliyetimia miezi huwa na mzunguko wa sentimeta 34 au 35. Kofia yake iwe 30, maana ikifumwa kishono kimoja mbele na kimoja nyuma huvutika. Ya mtoto mdogo iwe 25. Asiye na kipimo achukue chungwa kubwa: kofia ndogo ilishike chungwa hilo bila kubana. Ifunike masikio, isifike machoni. Msitie kamba, wala vifungo, wala maua. Kamba hukaba shingo, na kifungo hung’oka. Ninajua kofia ya namna hii haitasifiwa sana.

Ioshwe kwa sabuni kabla ya kupelekwa. Msianike nje kivulini wala juu ya majani, kwa maana yuko inzi anayeweka mayai katika nguo mbichi, na funza wake huingia katika ngozi ya mtoto. Anikeni ndani chini ya chandarua. Ya pamba ipigwe pasi yenye moto, ndani na nje. Kofia ikilowa kichwani, ibadilishwe mara moja, kwa sababu pamba mbichi hupoza mtoto kuliko kichwa kitupu.

Tena kofia si dawa. Mtoto mwenye homa asifunikwe zaidi. Vua kofia, mpeleke hospitali upesi. Na mtoto akiendelea kuwa baridi ingawa yuko kifuani na amevaa kofia, mwite mkunga wakati huo huo, hata kama ni saa nane ya usiku. Huenda ana ugonjwa katika damu.

Koti sikulikataza. Lifumeni, lingoje siku ya vigelegele, mtoto akiwa na nguvu na uzito wake umeongezeka. Lakini mkutano wa mwisho wa juma uanze kwa kofia. Kabla mtu hajashika uzi wa rangi tatu, amalize kofia mbili, moja ndogo na moja kubwa. Mama anapotoka hospitali asidaiwe kofia. Ni ya mtoto, aende nayo nyumbani. Kwa sababu hiyo sanduku litapungua kila juma, na mmoja wenu apite materniti siku ya Jumatatu kuhesabu zilizobaki, hasa zile ndogo, awapelekee wenzake hesabu kabla ya Jumamosi.