Neno Limekuja Kulima au Kula?

Likizo iliyopita sisi waseminari tunaotoka Handeni na Korogwe tulialikwa kuwasikiliza washairi wa wilaya zetu mbili. Walikaa chini ya mwembe, wazee kwa vijana, Wazigua, Wasambaa na Wabondei, Waislamu wengi na Wakristo wachache. Tulidhani wangeghani nasi tupige makofi. Kumbe walikuja kukaguana kazi.

Kijana mmoja wa Handeni alisoma tarbia yake juu ya shida ya maji. Vina vilikaa vizuri, na kila mshororo ulikuwa na mizani 16, yaani 8 za ukwapi na 8 za utao. Mzee mmoja wa Korogwe alihesabu kwa vidole, akakubali, kisha akalishika neno moja la ubeti wa tatu: “Hili, mjukuu wangu, limekuja kulima au limekuja kula?” Kijana akakiri kwamba alipungukiwa mizani mbili, akalichomeka ili mshororo ujae. Watu wakacheka. Yeye akatoa kalamu, akalikata, akasema, “Ahsante, babu.”

Swali hilo tumerudi nalo seminarini. Tunapofanya mazoezi ya kuhubiri, ni maneno mangapi yetu yamekuja kula tu? Bwana wetu alituonya tusidhani kwamba tutasikilizwa kwa wingi wa maneno (Mt 6:7). Na mwenzetu akitukosoa, tunanuna wiki nzima. Yule kijana alikosolewa mbele ya kijiji akashukuru.

Darasani tumesoma jinsi Plato, katika Jamhuri, anavyowatoa washairi nje ya mji wake kwa hofu kwamba wanaupamba uongo ukapendeza. Wazee wale hawakumtaja Plato, ila hofu yake wanaijua. Mmoja alisema waziwazi kwamba aliwahi kumsifu mgombea kwa beti nzuri, akijua si kweli, kwa sababu ya bahasha. “Mizani ilitimia,” alisema, “mimi ndiye niliyepungua.” Hayo ni maungamo ambayo kila mhubiri angepaswa kuyasikia kabla hajapanda mimbarini.

Maoni yetu ni haya: parokia zetu zinawahitaji watu hawa, nazo zimekaa nao mbali bila sababu. Angalieni nyimbo zetu za kwaya. Mara nyingi neno linavutwa au linarudiwa kwa kuwa muziki umebaki na maneno yamekwisha. Muumini anaimba miaka mingi sentensi isiyo na maana, na hakuna anayeuliza.

Wapo watakaosema ushairi ni mambo ya watu wa pwani. Mathias Mnyampala alikuwa Mkatoliki na Mgogo wa Dodoma, mbali na bahari, naye aliitia Injili katika tenzi. Utenzi wa Enjili Takatifu ulichapwa Ndanda mwaka 1963. Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe alisoma Seminari ya Nyegezi kabla ya kuandika Kichomi (1974), diwani iliyoacha vina na mizani na kuzua ubishi mkubwa. Wengine watasema wengi wa washairi hawa si wa imani yetu. Ni kweli, na hatuwaombi watufundishe mafundisho ya imani. Hiyo ni kazi ya mapadre na makatekista. Tunawaomba watufundishe Kiswahili, kama Shaaban Robert, Mwislamu aliyezaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, anavyoendelea kutufundisha sote.

Basi tunapendekeza jambo dogo. Kila likizo, parokia ifungue ukumbi wake kwa alasiri moja. Washairi waje na beti zao, watunzi wa kwaya waje na maneno ya nyimbo zao, sisi tuje na mahubiri yetu ya mazoezi. Kila mmoja asome, aulizwe swali la yule mzee, kisha atoe kalamu.