Mhandisi wa Kemia na Afike Jarubani

Mkulima wa Chekereni, katika tambarare ya Moshi, hahitaji kuhubiriwa thamani ya maji. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliokamilika mwaka 1987 kwa ushirikiano na Japani, ulimpatia mifereji, majaruba na mbegu bora, na mpunga ukawa mali. Lakini mafanikio hayo yakazaa uhaba. Wakulima wa upande wa juu wa mito, waliokuwa nje ya mradi, nao walivutwa na faida wakafungua majaruba yao. Kufikia miaka ya 1990 maji yaliyobaki hayakutosha kulima eneo lote lililokusudiwa, na ugomvi wa zamu za maji ukawa jambo la kawaida.

Wakati huohuo, katika eneo hilohilo la Mabogini, yako maji mengine yanayoteremka kila siku, masika na kiangazi. Hayo ni majitaka ya mji wa Moshi, yanayoingia katika mabwawa ya kuyasafisha na kisha kutoka. Wako wakulima ambao wamekuwa wakiyatumia kumwagilia mpunga. Swali ni moja: je, maji hayo ni mali au ni madhara?

Swali hilo halijibiwi kwa macho wala kwa pua. Bwawani, bakteria hula uchafu, mwani huwapa hewa, na jua husaidia kuua vijidudu. Naitrojeni na fosforasi zinazobaki ndizo zilezile ambazo mkulima huzinunua dukani ndani ya mfuko wa mbolea. Lakini humohumo yanaweza kubaki mayai ya minyoo na vijidudu vya kuharisha. Na penye viwanda, hata madini yenye sumu. Kujua maji yakae bwawani siku ngapi, yapitishwe katika changarawe na matete kiasi gani, na yafunguliwe lini kuingia jarubani, ndiyo kazi ya mhandisi wa kemia na viumbehai. Si kazi ya kubahatisha.

Tunalisema hili kwa sababu wapo wanaodhani kwamba elimu ya namna hiyo ni anasa, kwamba nchi ya wakulima yatosha kuwa na jembe na bwana shamba. Hayo ni mawazo potofu. Nchi isiyokuwa na wataalamu wake wa kugeuza taka kuwa mali itaendelea kutupa mali yake na kununua ya wenzake.

Wala hatuanzi mikono mitupu. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1973, na watafiti wa chuo hicho wamefanya kazi ya miaka mingi juu ya mabwawa na ardhioevu za kutengenezwa kwa ajili ya kusafisha majitaka. Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, iliyoanza kufundisha mwaka 2011, ilituma watafiti wake Moshi kuchunguza jinsi maji yaliyosafishwa yanavyoweza kutumika katika kilimo, na matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Mwaka uliofuata, Dk. Askwar Hilonga wa taasisi hiyohiyo alipata tuzo ya kwanza ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi, inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, kwa chujio lake la maji ya kunywa. Vipaji tunavyo.

Upungufu wetu uko katika kuvitunza vipaji hivyo. Mwaka 2007, mjini Addis Ababa, wakuu wa nchi za Afrika walihimiza kila nchi itenge angalau asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti na maendeleo. Ahadi ya namna hiyo haitimizwi kwa makofi. Maabara hudai kemikali, vipimo na mafundi wa kuvitengeneza. Mwanafunzi aliyefundishwa ubaoni tu hawezi kukabidhiwa afya ya kijiji.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. Kwanza, fedha za maabara na za mafunzo ya vitendo zitengwe na zifike kwa wakati. Pili, mamlaka za maji, halmashauri na viwanda viviletee vyuo matatizo yao, na vigharimie sehemu ya utafutaji wa majibu. Tatu, jaribio lililofaulu lisiishie katika tasnifu. Lipewe mpango na bajeti ya kulifikisha mashambani.

Vyuo navyo vina deni. Matokeo ya utafiti uliofanyika Mabogini yaandikwe pia kwa Kiswahili, yasomwe katika mkutano wa kijiji, na mkulima aambiwe waziwazi: maji haya yanafaa kwa mpunga, hayafai kwa mboga inayoliwa mbichi, vaa viatu hivi, subiri siku hizi. Maana mkulima huyo ni miongoni mwa waliochangia karo ya mhandisi kwa kodi na jasho lake.

Mhandisi atakayeshuka mpaka jarubani, akachovya chupa yake ya kupimia na kurudi na jibu, huyo ndiye tuliyemsomesha. Tumpe vifaa, kisha tumdai jibu.