Pembe Ilitoka Kwetu, Sauti Ikabaki Kwao

Njia itokayo Machakos kwenda Kitui hupitia Masii, na kwa msafiri wa pwani mji huo ni pa kushuka, kunyoosha miguu na kunywa chai. Hapo tulimsikia kijana mmoja akipiga kinanda cha umeme, kile kidogo cha kuwekwa mezani. Alikipiga vizuri. Tulipomsifu alicheka, akasema: "Mzee, hiki hutoa sauti tu. Natamani kile kikubwa, hata kwa saa moja, nione kitakavyonijibu."

Wako watakaosema huo ni ulimbwende: kijana wa Masii na piano ya wakwasi, wapi na wapi? Sisi twasema maneno yake ni ya haki.

Piano kubwa ya ukumbini, ile ndefu yenye miguu mitatu, si pambo. Urefu wake hukaribia mita 3, uzito wake hukaribia nusu tani, na nyuzi zake zapita 200. Ina vibao 88 vya kubonyeza, vyeupe 52 na vyeusi 36. Ukibonyeza kibao, nyundo ndogo iliyovikwa sufu huruka ikapiga uzi, kisha ikarudi. Tangu Mtaliana Bartolomeo Cristofori alipoibuni ala hii kiasi cha mwaka 1700, shabaha imekuwa moja: kidole kikigusa pole, sauti itoke pole, kikigusa kwa nguvu, itoke kwa nguvu. Mwaka 1821 Sébastien Érard wa Paris aliongeza mtambo uiwezeshao nyundo kupiga tena kabla kibao hakijapanda hadi juu. Basi katika piano njema, baina ya mnong'ono na ukelele mna daraja nyingi mno, na kidole huzihisi zote. Ndiyo raha yake, na ndiyo hofu yake pia: haimfichi mpigaji. Akisitasita itasema, na akiwa hodari itasema. Wapiga udi wetu walijua hayo zamani. Fundi hajifunzi ufundi kwa udi mbovu.

Kweli, kwa sikio la pwani piano ina upungufu. Haina zile sauti za kati na kati za bayati na rasti ambazo udi na fidla huzitoa bila taabu. Na hitilafu ya maulamaa juu ya ala hatuiingilii hapa, ina wenyewe. Twasema la historia, maana hilo latuhusu sote.

Vile vibao vyeupe, kwa miaka mingi, vilivikwa pembe za ndovu, na pembe nyingi zilitoka kwetu. Misafara ya Wakamba ilizishusha Mombasa tangu nusu ya kwanza ya karne ya 19. Jina la Kivui Mwenda wa Kitui, mkuu wa misafara aliyetembelewa na mmishenari Ludwig Krapf mwaka 1849, lingali likitajwa. Baadaye Unguja ikawa soko kuu la pembe, na shehena zikavuka bahari hadi jimbo la Connecticut, Marekani, ambako mji mzima uliitwa Ivoryton, yaani mji wa pembe. Huko zilikatwa vipande vyembamba vya kuvika vibao. Pembe ilipendwa kwa sababu hunywa jasho, kidole kisiteleze. Waliozibeba mabegani, wengine walikuwa wapagazi wa ujira, wengine watumwa. Na sisi wa pwani tusijitoe: tulikuwamo, tukipima na kuuza. Nchi zilikubaliana mwaka 1989 kuipiga marufuku biashara hiyo, na piano mpya huvikwa plastiki. Alhamdulillahi, hatutamani pembe irudi.

Lakini hesabu haijesha. Bara ilitoa pembe, pwani ikatoa bandari, na utamu wa kidole ukaenda kuonjwa mbali. Nairobi ina Kenya Conservatoire of Music tangu mwaka 1944, na ni heri; ila nauli ya kutoka Masii kila juma si ya mtoto wa mkulima. Piano kubwa ni chache nchini, na hata hizo chache, ipo inayokaa chini ya kitambaa ikingojea mgeni. Ala isiyopigwa haihifadhiki. Pwani chumvi hula nyuzi, na bara vumbi hujaa ndani.

Basi twawaomba wenye kumbi, hoteli, shule na makanisa: itengeni saa moja kwa juma, awepo msimamizi, mfungueni kijana mlango. Nasi tujiulize ni vijana wetu wangapi wa Mombasa na Lamu wamepata kushika kanuni ya kweli, sasa ambapo kinanda cha umeme kimeitwaa nafasi yake katika taarabu.

Kijana wa Masii hakuomba apewe piano. Aliomba saa moja, na babu zake walikwisha kuilipia.