Daftari la Wiki: Swali la Tano

Meya wa New York alizaliwa Kampala mwaka 1991, na sisi wa Afrika Mashariki tunaoishi mji huu tulimshangilia kama mtoto wa shangazi. Zohran Mamdani aliposhinda Novemba 2025, akawa Mwislamu wa kwanza kukalia kiti hicho, upande wetu wa ngazi kulipigwa vigelegele. Upande wa pili, kwa jirani zangu Wayahudi, baba na binti yake wa miaka 16 hawakusemezana siku nzima. Baba alikuwa amesoma barua ya marabi zaidi ya 1,000 walioshtushwa na misimamo ya Mamdani juu ya Israeli. Binti, ambaye hata umri wa kupiga kura hajafikisha, alikuwa amegawa vipeperushi vya kumpigia debe Mamdani. Wapiga kura waliohojiwa wakitoka vituoni walionyesha kwamba karibu theluthi moja ya Wayahudi wa mji huu walimchagua. Kwa hiyo binti hakuwa peke yake, na baba pia ana wenzake wengi.

*

Wanaowatazama kwa mbali hudhani Wayahudi wa Marekani wana siasa moja. Wapo kiasi cha milioni 7.5, watoto wakiwemo, kwa hesabu ya kituo cha utafiti cha Pew ya mwaka 2020. Hesabu hiyohiyo ilikuta watu wazima saba kati ya kumi wakielemea chama cha Democrats, lakini kwa Wayahudi Waorthodoksi, wanaoshika sana mapokeo ya dini, ikawa kinyume: robo tatu yao wako na Republican. Kuhusu Israeli, waliotimiza miaka 65 na zaidi, theluthi mbili walisema mioyo yao imefungamana nayo. Walio chini ya miaka 30 hawakufika nusu. Na huo ulikuwa utafiti wa kabla ya vita vya Gaza.

*

Kuna wazazi wanaowaambia watoto kwamba zamani Wayahudi walikuwa kauli moja. Hao hawajasoma habari za Eldoret. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, aliwapendekezea viongozi wa Uzayuni ardhi ya Afrika Mashariki iwe kimbilio la Wayahudi waliokuwa wakishambuliwa Urusi. Uliitwa mpango wa Uganda, ingawa ardhi yenyewe ilikuwa nyanda za Uasin Gishu, penye Eldoret, Kenya ya leo. Kwenye mkutano wao wa Basel, wajumbe 295 walikubali watu watumwe kuikagua, 178 wakakataa. Wajumbe wa Urusi kwenyewe, walikokuwa wakiuawa ndugu zao, ndio waliotoka ukumbini kwa hasira. Desemba mwaka huohuo, kwenye dansi ya sikukuu ya Hanukkah mjini Paris, mwanafunzi mmoja alimfyatulia bastola Max Nordau, mmoja wa wazee waliotetea mpango huo. Nordau akanusurika. Mwaka 1905 mpango ukatupwa, na Uasin Gishu ikabaki na migogoro yake mingine.

Ukimkumbuka kijana yule wa Paris, huyu wa leo anayebamiza mlango wa chumba chake ana adabu tele.

*

Hofu ya mzazi ina tarehe. Oktoba 27, 2018, mtu mwenye bunduki aliingia sinagogi la Tree of Life mjini Pittsburgh, watu wakiwa katika sala za Sabato, akaua 11. Waliokuwa na miaka minane au tisa wakati ule ndio vijana wa leo. Wengi wamekulia kwenye masinagogi yenye mlinzi mlangoni, wakadhani ndivyo nyumba za ibada zilivyo. Ikaja Oktoba 7, 2023: Hamas na wenzake wakaua watu wapatao 1,200 nchini Israeli na kuteka 251. Vita vilivyofuata vikaua makumi ya maelfu ya Wapalestina wa Gaza, na kijana akaviona kwenye simu yake, kitandani, kabla mzazi hajafungua taarifa ya habari.

Sasa wakikaa mezani, mzazi hutaja hesabu ya kwanza, mtoto hutaja ya pili, na kila mmoja humsikia mwenzake kama anayewafuta wafu. Sioni mazungumzo yatakayofika popote mpaka mtu mmoja, kwa kinywa kimoja, azitaje zote mbili. Nionavyo, aanze mzazi. Ndiye mkubwa.

*

Aprili 2024, kwenye mahema ya kupinga vita katika chuo cha Columbia, wanafunzi Wayahudi waliandaa karamu ya Pasaka palepale kwenye nyasi. Siku moja kabla, rabi mmoja wa chuoni hapo alikuwa amewashauri wanafunzi Wayahudi warudi makwao kwa ajili ya usalama wao. Mzazi ambaye mwanawe alikuwa akichagua chuo alizisoma habari zote mbili wiki hiyohiyo, na zote zilikuwa za kweli.

*

Usiku wa Pasaka, masimulizi ya kutoka Misri huanza kwa maswali manne, na desturi ni kwamba mdogo kuliko wote ndiye aulizaye. Talmud, mkusanyiko wa mijadala ya marabi wa kale, imelitilia mkazo jambo hili hadi mwisho: ambaye mtoto wake hajaweza kuuliza huulizwa na mkewe, na aliye peke yake ajiulize mwenyewe. Mtoto wa Kiyahudi hushangiliwa kwa kuuliza tangu akiwa na miaka minne. Halafu anafika 16, anauliza la tano: kama sisi tulikuwa watumwa, tunasemaje juu ya Gaza? Hapo anaambiwa asiharibu sikukuu.

Kijana hulitambua jambo hilo upesi sana. Nyumba imemfunza kwamba kuuliza ni ibada, kisha ikaweka mada moja kabatini na kufunga. Ataitafuta kwingine, na huko kwingine hakuna bibi wa kumwambia alikotoka.

*

Lakini si kila kijana huelekea kushoto. Nimesikia ya wazazi waliberali ambao mwana wao, baada ya kutupiwa maneno shuleni kwa kuvaa nyota ya Daudi, amegeuka mkali hata hataki kusikia neno Palestina. Wazazi hawa huonewa huruma kidogo, maana rafiki zao humwona kijana kuwa amepotoka tu, hawaulizi ameumizwa na nini.

*

Wafuasi wa Hillel na wa Shammai, walimu wawili wa kale wa Kiyahudi, walibishana miaka mitatu, kila upande ukidai sheria ni yake. Kwa mujibu wa Talmud, sauti ya mbinguni ilisema maneno ya pande zote mbili ni ya Mungu, ila sheria ifuate nyumba ya Hillel, kwa kuwa walikuwa wapole na walifundisha maneno ya wapinzani kabla ya yao. Mzazi anaweza kuijaribu jikoni: eleza hoja ya mwanao mpaka yeye mwenyewe aseme ndiyo, umenielewa. Kisha toa yako, bila kujifanya huna upande. Vijana hugundua unafiki huo kabla hujamaliza sentensi.

*

Pasaka inakaribia na jirani yangu ameanza kuhesabu viti. Siasa ruhusa mwaka huu, ameamua, ila baada ya supu. Mama mkwe amekubali kwa sharti mjukuu asiweke simu mezani. Mjukuu amekubali kwa sharti babu asimkatize. Babu bado hajatoa jibu.