Nyumba ya shamba haikimbii



Hapa Likasi wengi wetu tuna shamba, au tunatamani kulipata: upande wa Lufira, njia ya Kambove, au mbali zaidi. Huko kila mtu anajenga kanyumba kake, tofali kwa tofali, mwaka kwa mwaka. Ni jambo jema. Siku kazi itakapokwisha, nyumba ya kompani utairudisha. Ile ya shamba itabaki yako. Lakini nakuuliza: unaijenga kusudi uingie ukiwa mzima, au kusudi bibi yako aingie akiwa mjane?

Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe nilikosa. Kuta zangu zilikuwa zimesimama miaka mitatu bila bati, na watu walinicheka. Mwezi wa 12, katikati ya mvua, nikapata kamyo ndogo. Tukapakia mifuko 25 ya simenti, na watu watano juu yake. Mfuko mmoja ni kilo 50. Fanya hesabu: kilo 1,250, mbali na watu, kwa gari la kubeba tani moja tu. Kwenye mteremko shofere alikanyaga freni. Magurudumu yalisimama, gari halikusimama. Likateleza mpaka mtaroni.

Kijana wa jirani alivunjika mguu chini ya goti. Tuliufunga kwa vipande viwili vya mbao na kitenge, bila kujaribu kuunyoosha, tukangoja mpaka asubuhi. Mwenzetu mwingine alilala na suruali iliyolowa simenti. Kulipokucha ngozi ya magoti ilikuwa imeungua. Simenti yenye maji inaunguza polepole, tena mara nyingi bila kuuma kwanza. Vua nguo, osha kwa maji mengi, hapo hapo. Mifuko yangu nayo iligeuka mawe. Ndiyo mimi ninayewafundisha wengine usalama!

Usidhani hatari iko njia ya udongo peke yake. Mvua za kwanza zinachanganya vumbi na mafuta ya miezi mingi juu ya lami, nayo inateleza kama sabuni. Mwezi wa 2 wa mwaka 2019, katika njia ya Lubumbashi na Kolwezi, kamyo yenye asidi iligongana na magari mengine; watu zaidi ya 15 walikufa. Ukiona kamyo ya namna hiyo mbele yako, kaa mbali. Mvua ikinyesha, kaa mbali mara mbili.

Basi, mawazo yangu ni haya. Mwezi wa 5 mpaka wa 9 njia ni kavu: fyatua matofali, yachome, peleka simenti na mabati. Simenti iweke juu ya mbao, mbali na ukuta. Mvua ikianza, acha mizigo, shika jembe. Mtu yeyote asipande juu ya mzigo. Giza likikukuta njiani, lala kijijini. Kazini utaeleza, na mkubwa wako atakuelewa kuliko atakavyoielewa maiti.

Kuta zangu zinangoja bati mpaka leo. Kijana yule anatembea kwa fimbo, na kila asubuhi ananisalimia kwa heshima. Salamu ile inaniuma kuliko kicheko cha watu wote. Wakikuuliza, «Nyumba imefika wapi?», wajibu bila haya: «Inangoja kiangazi.»